Kibodi Moja, Madirisha Mengi: Nani Anapokea Unachochapa?

Wanafunzi wawili wamekaa mbele ya kompyuta moja, kama ilivyo kawaida katika maabara nyingi za shule zetu, iwe Tosamaganga, Mafinga au Tukuyu. Mmoja ameshika kipanya, mwingine anachapa. Wa kibodi anaandika barua ya zoezi la vitendo, macho ameyainamisha kwenye vitufe kwa sababu bado hajazoea kuchapa bila kutazama. Wa kipanya, akiona kazi inakwenda polepole, anabofya dirisha la kikokotoo lililo pembeni. Mwenzake hajui. Anachapa mistari miwili mizima, anainua uso, na barua iko palepale alipoiacha. Herufi zake zilikwenda kwenye kikokotoo, ambacho hakina kazi na barua.

Kompyuta haikukosea. Ilitii kanuni moja ambayo unatakiwa kuielewa, si kuikariri tu: kwa wakati mmoja, dirisha moja tu ndilo linalopokea kinachochapwa kwenye kibodi. Dirisha hilo tunaliita dirisha lililo hai, na ile haki ya kupokea herufi tutaiita fokasi. Mtihani utakuuliza kwa Kiingereza, na maneno ya Kiingereza yamo katika kitabu chako cha darasa. Hapa tunataka jambo lenyewe likukae kichwani kwanza.

Fikiria Bunge pale Dodoma. Wabunge wamejaa ukumbini na wote wanaonekana kwenye televisheni, lakini mwenye nafasi ya kusema ni yule aliyepewa na Spika. Kuwapo ukumbini si kuwa na nafasi. Vivyo hivyo, dirisha kuonekana kwenye skrini, hata likiwa kubwa na liko mbele ya macho yako, si kupokea herufi. Mfano huu una kasoro yake, maana bungeni maneno hutoka kwa mbunge, na kwenye kompyuta huingia dirishani. Lakini kanuni ya nafasi ni ileile, na kwenye kompyuta Spika ni wewe.

SAFARI YA HERUFI

Unapobonyeza kitufe chenye alama ya B, kibodi haitumi herufi B. Inatuma namba inayosema kwamba kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa, na ukikiachia inatuma taarifa nyingine. Mfumo endeshi, uwe Windows au Ubuntu, huipokea namba hiyo, huiweka kwenye foleni, kisha huikabidhi kwa programu yenye dirisha lililo hai. Njiani namba hutafsiriwa kuwa herufi kwa kufuata mpangilio wa kibodi uliochaguliwa kwenye mashine. Hakuna hatua hata moja katika safari hiyo inayouliza macho yako yanatazama wapi. Kibodi haijui skrini ina nini, na skrini haijui unatazama nini. Anayeunganisha pande hizo mbili ni mfumo endeshi, nao unajua jambo moja tu: dirisha gani lilipewa fokasi mara ya mwisho.

Neno foleni hapo juu usilipite haraka. Kompyuta ikiwa nzito, labda kwa sababu kumbukumbu yake ni ndogo na umefungua programu nyingi, vitufe ulivyobonyeza havipotei, vinasubiri zamu. Mwanafunzi asiye na subira anabonyeza Enter mara nne kwa sababu haoni kitu kikitokea. Kompyuta inapozinduka, Enter ya kwanza inafanya kazi yake, kisha linatokea dirisha dogo linalouliza: unataka kufunga bila kuhifadhi? Fokasi imehamia kwenye dirisha hilo. Enter ya pili, ambayo ilikuwa kwenye foleni kabla hata swali halijaulizwa, inaweza kulijibu. Umekubali jambo ambalo hukulisoma. Katika mtihani wa vitendo hiyo ni kazi ya saa nzima imekwenda, na msimamizi hana namna ya kukurudishia.

Fokasi ina ngazi mbili, na watahiniwa wengi hutaja moja tu. Ngazi ya kwanza ni dirisha. Ngazi ya pili ni mahali ndani ya dirisha: kisanduku cha jina, kisanduku cha tarehe, kitufe cha kukubali. Ukiwa kwenye fomu, dirisha ni moja lakini visanduku ni vingi, na ni kimoja tu kati yake kinachopokea herufi. Utakitambua kwa kile kijistari chembamba kinachopepesa. Ukibonyeza Tab, fokasi inahamia kisanduku kinachofuata. Ukishika Shift na kubonyeza Tab inarudi nyuma. Ikiangukia kwenye kitufe cha skrini, kitufe huzungushiwa mstari, na katika Windows ukibonyeza upau wa nafasi ni sawa na kukibofya. Ndiyo maana mtu anayechapa sentensi bila kutazama anaweza kubofya kitufe kwa nafasi iliyo kati ya maneno mawili.

Hapa tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila mwaka. Kishale ni ile alama inayotembea unaposogeza kipanya. Kijistari kinachopepesa ni mahali herufi itakapoangukia. Kishale kinaweza kuwa juu kulia na kijistari kikawa chini kushoto, na hakuna ubaya wowote. Ukiulizwa herufi itatokea wapi, tafuta kijistari.

Viko pia vitufe ambavyo mfumo endeshi unavizuia njiani na kuvitumia wenyewe, bila kujali dirisha lipi liko hai. Mfano unaojulikana ni Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Kwenye kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 mchanganyiko huo uliwekwa ili kuwasha mashine upya. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, iliupa kazi nyingine: uubonyeze kabla ya kuandika nywila yako. Sababu yake ni nzuri. Programu ya kawaida haiwezi kuupokea mchanganyiko huo, kwa hiyo tapeli aliyetengeneza dirisha la uongo linalofanana na la kuingilia hawezi kujibu unapoubonyeza. Dirisha linalojitokeza baada ya hapo ni la mfumo endeshi wenyewe.

KABLA YA MADIRISHA

Tatizo hili halikuwepo tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mashine za kizazi kile zililishwa kazi kwa kadi zilizotobolewa, kazi moja baada ya nyingine. Hakukuwa na swali la nani apokee herufi. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha kipanya hadharani, pamoja na skrini iliyogawanywa sehemu mbalimbali. Maabara ya Xerox, California, ikatengeneza kompyuta ya Alto mwaka 1973, na juu yake yakaja madirisha yanayolaliana kama karatasi mezani. Macintosh ikayafikisha kwa watu wa kawaida mwaka 1984. Windows ya kwanza, ya mwaka 1985, iliyapanga madirisha yake ubavu kwa ubavu kama vigae, bila kulaliana.

Mara tu karatasi zikiwa mbili mezani na kalamu ni moja, lazima mtu aamue aandike kwenye ipi. Wabunifu hawakukubaliana juu ya namna ya kuamua, na mpaka leo zipo njia zaidi ya moja.

KUBOFYA, AU KUPITISHA KISHALE?

Njia uliyoizoea ni kubofya. Unapeleka kishale juu ya dirisha, unabofya, linakuwa hai. Katika Windows na kwenye Mac, dirisha ulilobofya pia huja mbele ya mengine. Kwa sababu mambo hayo mawili hutokea pamoja, watu hudhani ni jambo moja. Si jambo moja. Kuja mbele ni suala la kuonekana. Kupata fokasi ni suala la kupokea herufi.

Utayaona yametengana katika mfumo wa X, ulioanzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na ambao Linux imeutumia kwa miaka mingi. Waliouunda walikataa kuweka sheria moja ya fokasi ndani yake. Waliiachia programu nyingine, msimamizi wa madirisha, ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha. Baadhi ya wasimamizi hao hufuata kishale: dirisha lililo chini ya kishale ndilo linalopokea herufi, hata kama hujabofya, hata kama nusu yake imefunikwa na dirisha jingine.

Hata hao wafuata kishale wana madhehebu mawili. Kwa wale wakali, kishale kikitoka nje ya madirisha yote na kuangukia eneo tupu, hakuna dirisha linalopokea kitu, unachapa hewani. Kwa wale walegevu, dirisha la mwisho kupitiwa hubaki na fokasi mpaka kishale kiingie dirisha jingine. Kama maabara yenu ina Ubuntu, programu ndogo iitwayo GNOME Tweaks hukupa chaguo zote tatu: kubofya, ukali na ulegevu. Windows nayo inao mpangilio wa kuamsha dirisha kwa kupitisha kishale juu yake, umefichwa kwenye Paneli ya Kudhibiti, sehemu ya kuwarahisishia matumizi watu wenye mahitaji maalumu.

Ipi bora? Swali la kulinganisha kama hili halina jibu la neno moja, na msahihishaji anatafuta sababu. Kufuata kishale kunafaa kwa mtu anayenakili kutoka dirisha moja kwenda jingine mara kwa mara: anasoma kwenye dirisha kubwa la mbele huku akichapa kwenye dogo lililofunikwa nusu, bila kubofya. Lakini kunahitaji meza tulivu. Katika maabara ambamo wanafunzi sita wamebanana kwenye meza moja ndefu, mmoja akipiga goti mguu wa meza, vipanya vyote vinatikisika, na kishale kikisogea fokasi inasogea nacho. Kwa maabara zetu, mimi naona kubofya ndiyo njia salama, kwa kuwa kubofya ni tendo la makusudi.

Kitu kimoja cha kuangalia: gurudumu la kipanya. Kuanzia Windows 10, ya mwaka 2015, mpangilio wa kawaida ni kwamba gurudumu hupandisha na kushusha dirisha lililo chini ya kishale hata kama si hai. Kwa hiyo unaweza kusogeza ukurasa wa dirisha la kushoto huku herufi zako zikiingia la kulia. Mwanafunzi akiona ukurasa unasogea hudhani dirisha hilo ndilo lenye fokasi, kisha anaanza kuchapa. Ukurasa kusogea si ushahidi.

KUCHAGUA BILA KIPANYA

Kipanya kikiharibika katikati ya mtihani, usikae ukisubiri. Shika Alt na bonyeza Tab. Swali la kujiuliza ni: nitaangukia dirisha lipi? Wengi hujibu "linalofuata kwenye ule ukanda wa chini ya skrini." Sivyo. Windows hupanga madirisha kwa kufuata lililotumika karibuni zaidi, kama sahani zilizopangwa: uliyoitumia mwisho iko juu.

Tufanye mfano. Umefungua barua, kisha jedwali la hesabu, kisha kivinjari. Mpangilio kuanzia juu ni: kivinjari, jedwali, barua. Bonyeza Alt na Tab mara moja, achia vyote. Unaangukia kwenye jedwali, na sasa mpangilio ni: jedwali, kivinjari, barua. Rudia tena mara moja na kuachia. Utarudi kwenye kivinjari. Rudia mara mia, utabaki ukizunguka kati ya viwili hivyo na barua hutaiona kamwe. Ili kuifikia barua, shika Alt bila kuiachia, bonyeza Tab mara mbili, ndipo uachie. Kinachoamua ni kuachia Alt. Usipoiachia bado unachagua, ukiiachia umeamua.

Fanya zoezi hili kwa mikono kwenye mashine halisi, au kwa vipande vitatu vya karatasi kama umeme hakuna. Karatasi zinafundisha vizuri kuliko unavyodhani.

DIRISHA LINALOJITWALIA FOKASI

Mpaka hapa tumesema wewe ndiye mchaguzi. Wakati mwingine programu hujichagua yenyewe. Unachapa, ghafla linaruka dirisha la kukuambia kinga yako ya virusi imekwisha muda, na herufi tatu zilizofuata zimeingia humo. Windows iliwekewa mipaka kuanzia matoleo ya Windows 98 na Windows 2000: programu iliyo nyuma hairuhusiwi kujipeleka mbele wakati unafanya kazi kwenye nyingine. Ikitaka kukuita, alama yake kwenye ukanda wa chini humemeta. Ukiiona inameta, fahamu kwamba kuna dirisha linaomba nafasi na limezuiwa. Mipaka hiyo ina matundu yake, na dirisha dogo la swali kutoka kwenye programu ileile unayoitumia bado litakuja mbele, kwa sababu programu hiyo tayari ina nafasi.

Sasa fikiria kazi zenye uzito kuliko zoezi la darasani. Umemaliza kidato cha sita, uko stesheneri Iringa mjini unajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mhudumu amefungua madirisha matano ya wateja watano. Unaandika nywila ukitazama vitufe. Kisanduku cha nywila kingeonyesha vidoti, lakini fokasi iko kwenye dirisha la barua ya mteja aliyetangulia. Nywila yako imeandikwa wazi, kwa herufi zinazosomeka, kwenye barua ya mtu usiyemjua, na huenda ikahifadhiwa humo. Au fikiria hospitali inayoandikisha wagonjwa kwa kompyuta. Mafaili mawili yamefunguliwa, wagonjwa wawili wa ubini mmoja, tuseme Kikoti, jina ambalo huku kwetu halina uchache. Kipimo cha dawa kinachapwa huku macho yakiwa kwenye karatasi ya daktari. Kompyuta haitalia king'ora. Kwake tarakimu ni tarakimu.

Kinga yake inachukua nusu sekunde. Kabla ya kuchapa kitu cha siri au cha hatari, chapa herufi moja tu, tazama imeangukia wapi, ndipo uendelee. Vidoti vikitokea unapotarajia vidoti, endelea. Usipoona kitu popote, simama. Angalia pia kichwa cha dirisha: katika Windows 10 na 11, maandishi ya kichwa cha dirisha lisilo hai hupauka. Na alama ya dirisha lililo hai, kwenye ukanda wa chini, huwa imekolezwa kuliko nyingine.

Kwenye simu jambo hili limejificha, kwa sababu kwa kawaida programu moja hujaza skrini yote, na kibodi hutokea tu ukigusa kisanduku. Kugusa ndiko kubofya kwako. Lakini tangu Android 7, ya mwaka 2016, unaweza kugawanya skrini ukawa na programu mbili juu na chini, na hapo kanuni inarudi: zinaonekana mbili, inapokea moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la kwanza. Asha anasoma ukurasa wa intaneti upande wa kushoto na kuandika muhtasari kulia. Anasogeza ukurasa kwa gurudumu la kipanya bila kubofya, kisha anachapa. Kompyuta yake ina Windows 10 yenye mipangilio ya kawaida. Herufi zitaingia dirisha lipi, na kwa nini? Jibu linalopata alama zote lina sehemu mbili: zitaingia kwenye muhtasari, kwa kuwa gurudumu halihamishi fokasi na Asha hakubofya. Ukiandika sehemu ya kwanza peke yake umepata nusu.

Swali la pili. Eleza tofauti kati ya dirisha kuwa mbele na dirisha kuwa na fokasi, ukitoa mfano wa mfumo ambamo mambo hayo mawili hutengana. Hapa usitumie mfano wa Windows ya kawaida. Tumia mfumo wa X unaofuata kishale.

Swali la tatu, lifanye bila kompyuta. Mpangilio wa madirisha kuanzia lililotumika karibuni ni: barua, kivinjari, jedwali. Juma anabonyeza Alt na Tab mara moja na kuachia. Kisha anashika Alt, anabonyeza Tab mara mbili, na kuachia. Anaandika neno "Ruaha". Limeandikwa wapi? Andika mpangilio mpya baada ya kila hatua kabla ya kutoa jibu. Ukipata barua, rudi kwenye mfano wa sahani; ukipata jedwali, umeelewa.